Kreatinini ya baba ilikuwa sawa, kansa ya figo imetokea wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61. Mwaka jana alikojoa mkojo mwekundu, rangi kabisa ya juisi ya rosela, siku mbili ukaacha wenyewe tukapuuza. Uliporudi tukampeleka hospitali, wakapima damu wakasema figo nzima, kreatinini 92, wakampa dawa za UTI akarudi nyumbani. Miezi minne mbele akapigwa altrasaundi kwingine, kumbe kuna uvimbe wa sentimita 5 figo ya kushoto, ikatolewa figo yote, na majibu ya kinyama yakasema ni kansa ya seli angavu. Saa hizi anaendelea vizuri. Sasa dokta, ile kreatinini walikosea kupima? Halafu kaka katuletea habari ya kipimo cha damu cha laki 3 kinachoonyesha kansa zote, anataka baba awe anapimwa hicho badala ya sitiskani maana sitiskani ni ghali na ina mionzi. Na sisi watoto wanne tupime nini? Binti wa Mzee, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na mzee mpe pole yangu.

Nianze na kreatinini. Hawakukosea kuipima. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, figo zinaitoa kwa mkojo, kwa hiyo kipimo kile kinajibu swali moja tu, je figo zinachuja? Na mtu anaweza kuishi vizuri na figo moja, ndo maana uvimbe wa sentimita 5 ukijificha upande mmoja wa figo ya kushoto, sehemu iliyobaki pamoja na figo ya kulia wanachuja kama kawaida na namba inatoka nzuri tu. Kosa lilikuwa kwingine. Damu kwenye mkojo wa mtu mzima, hata ikitoka siku moja ikaacha, na hasa ikiwa haina maumivu, haitakiwi kufungwa kwa dawa za UTI bila kupiga picha ya figo na kibofu. Altrasaundi ile ingepigwa siku ya kwanza mzee asingekaa miezi minne na kitu kile tumboni, na hilo linaniuma kwa sababu naliona mara nyingi mno.

Sasa kipimo cha damu. Wanaume wengi wanaijua PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, kwa hiyo watu wanadhani kila kansa ina PSA yake. Figo haina. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala cha mkojo kinachotumika hospitalini kama kawaida kusema huyu ana kansa ya figo na huyu hana, si hapa kwetu tu, hata Ulaya na Marekani hawana. Kwa hiyo kaka yako akiambiwa kuna kimoja kinachoonyesha kansa zote, awaulize hao wauzaji kinapima protini gani, na kwa kansa ya figo kinakosea watu wangapi katika mia. Wasipojibu, hela ibaki mfukoni.

Lakini sitaki mdhani watafiti wamelala. Uvimbe kama wa mzee wako ukipasuliwa mezani maabara unakuwa wa njano, njano ya kiini cha yai kabisa, na madoa ya damu humo ndani. Ile njano ni mafuta. Seli zenyewe zimejaa mafuta na sukari, halafu tukiandaa kinyama kwa spiriti mafuta yanayeyuka, ukiweka kwenye hadubini unaona seli kama vyumba vitupu vyenye kuta tu, ndo hilo jina la seli angavu. Sasa yale matone ya mafuta yamevikwa protini inaitwa PLIN2, na kuna nyingine AQP1 ambayo ni mlango wa maji kwenye vijifereji vya figo ambako kansa hii inaanzia. Watafiti wa St. Louis, Marekani, walionyesha mwaka 2010 kwamba protini hizi mbili zinajaa kwenye mkojo wa wagonjwa wa kansa hii, na uvimbe ukishatolewa zinashuka sana. Mimi niliposoma hilo nilifurahi kwelikweli, mkojo tu, hakuna sindano! Ila kutoka hapo mpaka kuwa kipimo cha kawaida hospitalini bado hatujafika.

Inayozungumzwa zaidi saa hizi ni KIM-1. Ni protini inayotolewa na vile vile vijifereji vikiumia. Mwaka 2018 watafiti wa Ulaya walichukua damu iliyohifadhiwa ya watu waliokuja kuugua kansa ya figo baadaye, wakakuta KIM-1 ilikuwa juu hata miaka 5 kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Mwaka 2021 wengine wakaonyesha kwamba wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji ila KIM-1 yao ikabaki juu, hao ndo ugonjwa uliwarudia zaidi. Hili la pili ndo linamgusa mzee, na naamini siku moja tutalitumia. Shida yake ni kwamba figo ikiumia kwa sababu nyingine yoyote, dawa, maambukizi, kukosa maji, KIM-1 inapanda vile vile.

Na kuna hesabu ambayo wauza vipimo huwa hawaisemi. Tuseme tumepima watu 10,000 mtaani, kati yao wenye kansa ya figo ni 10, na kipimo chetu ni kizuri, kinakosea watu 5 tu katika kila 100 wasio na kansa. Hao ni karibu watu 500 wataambiwa wana kansa na hawana, walale macho, wauze ng'ombe watafute sitiskani, kwa ajili ya kuwapata wale 10. Ugonjwa ukiwa wa nadra kipimo lazima kiwe kikali mno, la sivyo kinaumiza wengi kuliko kinaowasaidia. Vipimo vya kutafuta vipande vya DNA ya kansa kwenye damu navyo, ambavyo kwa kansa nyingine vinafanya vizuri, hapa vinahangaika kwa sababu kansa ya figo inamwaga DNA kidogo sana kwenye damu.

Kwa hiyo sitiskani ya kifua na tumbo isirukwe, kwa ratiba atakayowapa daktari aliyempasua. Kifua ni muhimu maana ikirudi hii inapenda kwenda mapafu, na kikohozi kinaweza kisiwepo kabisa. Mionzi ipo kweli, ila kwa mtu wa miaka 61 aliyetolewa uvimbe wa sentimita 5 hatari ya kuchelewa kuona ugonjwa umerudi ni kubwa kuliko hiyo mionzi. Kreatinini mwendelee kupima, safari hii kwa kazi yake halali, kulinda figo moja iliyobaki, na mwenye kupiga picha ataitaka kabla ya kumchoma ile dawa ya kung'arisha picha. Presha idhibitiwe. Na diklofenaki za dukani kwa ajili ya mgongo, tafadhali, mzee aachane nazo.

Nyie watoto msiogope sana. Kwenye kansa ya seli angavu jeni inayoitwa VHL huwa imeharibika kwa wagonjwa wengi, lakini imeharibika ndani ya uvimbe wenyewe, ukubwani, haikurithiwa. Familia zinazoirithi zipo ila ni chache, na huwa zinaacha alama: kansa ya figo kabla ya miaka 46, uvimbe kwenye figo zote mbili, au ndugu mwenye uvimbe wa ubongo au wa ndani ya jicho. Kama hakuna lolote la hayo, nyie angalieni presha, msivute sigara, uzito usizidi, na mtu akiona mkojo wa rosela aende kupiga altrasaundi wiki hiyo hiyo.

Kitu kimoja naomba mnitafutie. Kwenye barua yako umetaja ukubwa wa uvimbe na aina, hujataja daraja la seli, yaani zinaonekana kali kiasi gani kwenye hadubini, wala kama mishipa ya damu ya figo ilikuwa imeingiliwa. Hayo ndo yanayosema zaidi kuliko kipimo chochote cha laki 3 kwamba mzee yuko kwenye hatari kiasi gani, na yameandikwa kwenye majibu ya kinyama. Nendeni maabara mkaombe nakala, halafu niandikie tena.