Niwaambie wateja kwamba naumwa?

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika ukurasa mzima juu ya vizimba, mashine ya kukaushia manyoya na jina la biashara yako ya kutunza wanyama wa watu, kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayetupa neno huku ameshashika kitasa cha mlango, ukauliza: "Baba, niwaambie wateja kwamba nina kisukari, au nikae kimya kama ulivyokaa wewe?"

Kweli nilikaa kimya, miaka sita. Ngoja nikueleze nilivyoacha.

Ulikuwa darasa la tatu, kwa hiyo unachokumbuka wewe ni goti langu lililochubuka na mama yako akinigombeza. Nilikuwa natunza mbwa wawili na paka wawili wa familia moja iliyosafiri. Asubuhi nilijidunga insulini, dawa yetu ya kushusha sukari, kama kawaida, nikaosha mbwa watatu wa watu wengine (kuosha mbwa mkubwa ni mazoezi, usidanganyike), nikachelewa kula, na jioni nikawatoa wale wawili kutembea. Mwili uliofanya kazi huendelea kuvuta sukari saa nyingi baada ya kazi kwisha. Nililijua hilo. Nililijua kama mtu anavyojua kwamba ngazi imelowa, na bado akashuka mbio.

Jasho lilianza, kisha mikono ikatetemeka, kisha nyumba zote zikafanana. Nikapiga goti kando ya njia, nikakaa. Pipi nilikuwa nayo mfukoni, ila karatasi yake ilinishinda. Naiona mpaka leo: karatasi ya kijani, ncha mbili zimesokotwa, na vidole vyangu vinaizungusha tu kama vya mtoto mchanga. Mwishowe nikaitafuna pamoja na karatasi. Mbwa mdogo alikuwa ameshachomoka na kamba yake. Yule mkubwa alinilalia miguuni, akapiga miayo. Kuna mbwa wanaofundishwa kumshtua mwenye kisukari sukari inaposhuka. Huyu hakuwa mmoja wao.

Baada ya kama robo saa akili ikarudi, na yule mdogo nikamkuta getini kwao ananisubiri. Hakuna kilichopotea. Ningeweza kabisa kulisahau jambo lile. Lakini nilipoingiza ufunguo mlangoni nikawasikia paka wanakwaruza upande wa pili, wanadai chakula, na nguvu zikaniisha upya. Mbwa wangeonekana njiani, mtu angeuliza ni wa nani. Paka je? Ufunguo mmoja ulikuwa mfukoni mwangu, mwingine uko safarini na wenyewe, na wenyewe wangerudi baada ya siku 9. Wasamaria wangenibeba nikalazwa, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba nyuma ya mlango ule wamo viumbe hai wawili. Hata mama yako hakujua.

Bibi yako alizoea kuniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa radhi kuumbuka. Sikuwa nimefikiri kwamba kifo chenyewe kingeweza kuwa cha paka wa watu.

Kwa hiyo waambie. Lakini waambie linalowahusu tu. Vipimo vyako, idadi ya sindano, ulianza kuumwa lini, hayo ni yako na daktari wako, na mteja akiuliza una ruhusa ya kutabasamu na kumuuliza habari za chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi niliongeza mstari kwenye fomu ya kumpokea mnyama, chini ya jina la daktari wake wa mifugo: "Nina kisukari kinachotibiwa kwa insulini. Nikizidiwa, mwenye ufunguo wa pili na maelekezo yote ni huyu, na simu yake ni hii." Basi. Usiombe radhi, usianze kueleza insulini ni nini. Utaona macho ya mteja yanaruka sentensi ya kwanza na kutulia kwenye ya pili.

Na huyo wa pili awe mtu kweli, asiwe jina tu. Awe ameshaingia nyumba ile, ameshanuswa na mbwa, anajua paka hujificha wapi. Mlipe hata kwa siku ambayo hakuitwa. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na ndipo nisingependa wewe ubane.

Wapo walioondoka. Mama mmoja alinyanyua kikapu cha sungura wake taratibu, akasema atanipigia. Bado nasubiri.

Ila fomu hiyohiyo ndiyo iliyoniletea yule paka mzee wa rangi ya chungwa unayemkumbuka, aliyekuwa analala ndani ya beseni. Naye alikuwa na kisukari. Mwenye paka alikuwa hajalala nje ya nyumba yake kwa muda mrefu, kwa sababu kila baada ya saa 12 lazima paka ale na adungwe, na kila aliyemwomba msaada aliogopa sindano. Aliposoma mstari wangu alikaa kimya, kisha akasema, "Basi wewe huogopi."

Sikuogopa, na kutokuogopa huko nusura kunitie matatani. Nisikilize vizuri hapa, maana na wewe utaletewa wagonjwa wenzako. Insulini yetu mimi na wewe ina uniti 100 katika mililita moja. Nyingi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama zina uniti 40 tu, na mabomba yake ya sindano yana mistari yake ya kipimo. Siku ya pili mabomba ya paka yaliniishia, na droo yangu imejaa ya kwangu. Nikavuta uniti 2 kwa bomba langu. Nilikuwa nimeshainua ngozi ya shingo yake nilipoona dawa ni kiduchu mno. Mstari ulisema 2, lakini ndani mlikuwa na 0.8. Ingekuwa kinyume chake, insulini yangu ndani ya bomba lake, uniti 2 za mstari zingekuwa 5. Na paka sukari ikimshuka hawezi kukuomba pipi. Huyumba, hulegea, kisha degedege. Nikaenda kununua mabomba yake usiku uleule. Mtu asiyejua kitu angesoma maelekezo mara tatu. Mimi sikusoma hata mara moja, kwa kuwa nilikuwa najidunga kila siku.

Kuna jambo huwa nalifikiria nikifagia manyoya. Mwaka 1889 watafiti wawili, Minkowski na von Mering, walimtoa mbwa kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, mkojo wake ukajaa sukari, ndipo watu wakajua ugonjwa wetu unaanzia wapi. Mwaka 1921 watafiti wengine, Banting na Best, walifanya majaribio yao ya insulini kwa mbwa huko Toronto, Kanada, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa insulini. Wengi wa mbwa wale walikufa. Siwaelezi wateja habari hizi, ila ndizo zinazonifanya nisimharakishe mbwa anaposimama kunusa kila mti.

Mengine unayajua, nayapitia tu. Pima kabla ya kushika kamba. Sukari ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L) kula kitu kwanza, mbwa atasubiri. Sukari ya dharura ibebe ikiwa haina karatasi. Insulini usiiache kwenye gari lililofungwa juani, kama usivyomwacha mbwa humo. Viatu vifunike vidole. Paka akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda ukaonwe siku hiyohiyo hata kama tundu ni dogo, kwa sababu jino la paka ni jembamba na huzika vijidudu ndani, na vidonda vyetu huchelewa kupona. Sindano zilizotumika zikae kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Kuna mtoto wa mbwa aliyewahi kunitafunia bomba zima, na sitaki kukusimulia usiku ule.

Idadi ya wanyama nayo nimeona umeandika 12. Hiyo ni hesabu ya siku uliyoamka vizuri. Nitajie wangapi ungewamudu siku uliyoamka usiku wa manane na sukari ya 3, ukala, ukalala tena saa kumi na kichwa kinagonga. Mimi kwangu walikuwa watano, na wawili kati yao wawe wazee wanaolala mchana kutwa.

Fomu yangu ya zamani nimeikunja humu ndani ya bahasha. Pale kwenye mtu wa pili, kama bado hujampata, andika jina la mama yako. Nimeshamuuliza. Amekubali, ila amesema nyoka hapana.

Baba yako