Mama wa farmasi, toa hizo 357 kwenye silinda leo hii

Mama, hilo boksi la risasi za 357 lirudishe. Muuzaji akikataa kulipokea, lifungie kabatini, lakini usilale tena usiku mwingine na risasi hizo ndani ya silinda.

Swali lako uliloandika hapa nimelisoma mara mbili. Una farmasi Katuba, hapa Lubumbashi, permi yako ya silaha imetoka, umenunua rivolva ndogo ya 357 Magnum yenye gramu 340, viungo vya vidole vinakuuma, na muuzaji amekupa boksi la 357 za greni 125 (kichwa cha kama gramu nane) akakwambia "utazoea". Unauliza risasi gani zina teke dogo, yaani hazirushi sana silaha nyuma zikifyatuliwa, uibebe katika mkoba gani, na kama ingefaa zaidi kununua ya kaliba 22. Hilo neno "utazoea" ndilo lililonifanya niache bukari, ugali wetu, inapoa mezani. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo, na sikuzoea. Hakuna mtu anayezoea kitu kile.

Nina depo ya saruji na mabati Kampemba. Miaka sita iliyopita, baada ya kuvunjiwa mara mbili, niliomba permi kama inavyotakiwa na sheria ya Kongo namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, nikangoja miezi, nikaipata. Nikaenda kwa muuzaji mmoja wa hapa Lubumbashi. Akanitolea rivolva kama yako: fremu ya aluminiamu iliyotiwa skandiamu, silinda ya titaniamu, matundu matano, mtutu mfupi kama kidole. "Muzee, kamata hii," akasema, "haina buzito, na inapiga nguvu kabisa. Njo ya banaume." Akaweka juu yake boksi la 357. Nilipomuuliza kama hakuna kitu kipole zaidi, alicheka. Alinicheka mbele ya wateja wawili, nami nikalipa nikatoka kimya. Kicheko kile bado nakisikia, na kinanichoma zaidi ya pesa niliyoacha pale.

Siku ya kwanza kwenye kiwanja cha shabaha nilipiga tatu. Ya kwanza ilinipasua ngozi kati ya kidole gumba na kiganja. Ya pili sikuiona ilipokwenda. Ya tatu nilifumba macho. Moto ulitoka mdomoni mwa mtutu kama jiko la gesi lililolipuka, na masikio yalilia ingawa nilikuwa nimeyaziba. Nikasema basi, imetosha, nimekwisha ijua.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo ningeweza kufa. Ndani ya silinda zilikuwa zimebaki mbili. Nikaziacha humo humo, nikaongeza mpya tatu, nikafunga, nikaiweka kwenye sanduku lenye kufuli karibu na kitanda. Ikakaa pale miezi kumi na moja. Sikurudi kiwanjani hata mara moja kwa sababu mkono wangu ulikuwa unaiogopa. Niliwaambia watu sina nafasi.

Usiku mmoja wa Novemba, mvua inanyesha, nikasikia bati la depo linang'olewa. Nikafungua sanduku, nikaishika. Mama, mkono ulianza kutetemeka kabla sijaona mtu yeyote, na sikuwa nawaogopa wezi. Nilikuwa nakumbuka lile teke. Nilisimama nyuma ya mlango nikijua kwamba nikifyatua nitafumba macho tena, na nyuma ya ukuta ule wanalala watoto wa jirani. Sikufyatua. Jirani mmoja ndiye aliyeanza kupiga sufuria, wengine wakaitikia, mtaa mzima ukalia sufuria na filimbi, wezi wakakimbia.

Asubuhi nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wetu wa shabaha, askari mstaafu asiye na maneno mengi. Akaniambia nipige zile zile zilizokuwa ndani usiku. Nikapiga ya kwanza. Ya pili, kifyatulio kikagoma. Nikavuta kwa nguvu, silinda haizunguki. Akainyang'anya, akainamisha mtutu ardhini, akanionyesha kwa mwanga: moja ya zile mbili za zamani ilikuwa imechomoza kichwa chake mbele ya silinda na kugonga fremu. Imekwama kabisa. Tulihangaika kwa muda kabla ya kuifungua.

Alinieleza polepole, nami nakueleza hivyo hivyo. Rivolva nyepesi inaporuka nyuma, maganda yanaruka nayo kwa sababu ukingo wa kitako chao umeshikwa. Kichwa cha risasi ndani ya ganda kina uzito wake na kinataka kubaki pale kilipo. Kama mdomo wa ganda haukukunjwa sawasawa kukibana, kinachomoka kidogo kwa kila teke. Zile mbili zilikuwa zimekula mateke matatu ya mwaka uliopita, na teke moja la asubuhi ile likamalizia. Kwa hiyo usiku ule, na wezi mlangoni, nilikuwa na chuma chenye risasi moja tu ya uhakika.

Muuzaji hakunitajia hilo hata kwa neno moja, na ni jambo ambalo watengenezaji wa rivolva hizi nyepesi wanalionya katika vitabu vyao. Baadhi yao wamechonga na onyo jingine ubavuni mwa mtutu, kwamba usitumie 357 zenye vichwa vilivyo chini ya greni 120. Mtu anauza chuma chenye onyo limechongwa juu yake, naye halisomi! Kama kazi ni kuchukua dola tu, auze simu.

Teke halitoki hewani. Kinachorushwa mbele kinasukuma silaha nyuma kwa kiasi hicho hicho, na kadiri silaha ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi. Aliyewahi kupasua kuni juu ya gogo zito na juu ya kigogo chepesi anajua tofauti. 357 Magnum ilipotoka mwaka 1935 ilipewa rivolva kubwa ya chuma yenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Wewe umepewa risasi ile ile ndani ya gramu 340. Shinikizo lake linaruhusiwa kufika pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Risasi ndogo yake, 38 Special, iliyotangulia tangu 1898, inaishia 17,000, na ile iliyoongezwa nguvu inayoandikwa +P inaishia 20,000. Nimepiga hesabu ya teke kwa uzito wa rivolva yako: 38 laini ya shabaha inakupa karibu robo tu ya nguvu ya 357 uliyouziwa.

Na rivolva yako inameza 38 Special bila shida yoyote. Unene ni ule ule, ganda la 357 limezidi kwa milimita tatu na kitu tu. Kinyume chake hakiwezekani, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kwa hiyo, nunua 38 Special za greni 148 zenye kichwa bapa, zile wanazoziita wadikata. Zilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha, ndiyo maana wauzaji wanazidharau na kukwambia ni za kutoboa karatasi. Kichwa kimezamishwa ndani ya ganda mpaka kiko sawa na mdomo wake, kinakwenda taratibu, teke ni dogo. Usiogope kwamba hazitafika. Wapimaji wa Marekani wanataka risasi iingie inchi 12 hadi 18 katika jelatini inayoiga nyama ya mwili, na kichwa bapa cha risasi kisichopanuka kinaingia vizuri hata kikitoka katika mtutu mfupi. Zile zenye tundu kichwani ndizo zinazohitaji kasi ili zipanuke, na mtutu wa inchi mbili mara nyingi hauzipi kasi hiyo. Ukitaka zenye tundu zilizofikiriwa kwa mitutu mifupi, iko Speer Gold Dot ya greni 135, lakini hiyo ni +P na vidole vyako vitaisikia. Hornady wana 38 ya greni 90 waliyoiita Lite. Teke lake ni dogo kweli, ila kichwa chepesi kinatoka mtutuni kabla haujainuka sana, basi kinapiga chini ya pale unapolenga. Itabidi uijue hiyo tofauti kwa karatasi, mapema.

Wadikata zina shida moja ya kweli: hazina ncha, kwa hiyo kuzijaza kwa haraka ni kazi, zinashika kwenye kingo za matundu. Mimi nimekubali shida hiyo. Tano nilizo na uhakika nazo nazipenda kuliko kumi zinazonifumba macho.

Kanuni yangu ni hii, na naomba uishike hata ukisahau mengine yote: risasi inayokaa ndani ya silinda iwe ile ile unayoweza kupiga tano, ukajaza, ukapiga tano, mpaka boksi la hamsini liishe, bila kuogopa inayofuata. Usije ukafanya mazoezi na laini halafu ukabeba kali. Wengi watakushauri hivyo hapa hapa, nami niliufuata ushauri huo kwa miezi miwili baada ya mkasa ule. Mkono unajua. Ukijua kwamba iliyomo ni kali, unashtuka kabla ya mlio.

Mwalimu alinithibitishia kwa njia rahisi. Alichukua rivolva yangu, akajaza yeye bila mimi kuona, akachanganya risasi tatu na maganda mawili matupu. Nyundo ilipoanguka juu ya ganda tupu, mtutu wangu uliinama chini kiganja kizima. Hakukuwa na mlio wala teke, ni woga wangu peke yake. Ilinichukua wiki saba za wadikata, boksi moja kila Jumamosi, mpaka mtutu ukatulia. Wiki saba za kufuta mateke matatu! Na kidole gumba cha kulia bado kinauma asubuhi za baridi za Juni na Julai.

Kuhusu 22, naona unafikiri itakuwa laini kwa vidole. Teke ni laini, ndiyo. Lakini kifyatulio cha rivolva ndogo kinadai karibu kilo tano na nusu za mvuto, na cha 22 mara nyingi ni kigumu zaidi, kwa sababu nyundo lazima igonge ukingo wa ganda kwa nguvu ndipo iwake. Na haiwaki kila mara. Kwa mtu mwenye maumivu ya viungo, jaribu kuvuta kifyatulio cha kila moja mara kumi mfululizo, silinda ikiwa tupu, kabla ya kutoa pesa. Kama muuzaji wako anakubali kubadilisha, omba rivolva ya chuma kitupu yenye gramu 600 na zaidi, na mpini wa mpira unaofunika mgongo wa fremu. Uzito ni dawa ya teke ambayo haihitaji ujuzi wowote.

Ukishapata boksi la 38, fanya hivi kabla hujaiamini. Chagua risasi moja, pima urefu wake. Mimi natumia piakulisi, kile kipimo cha fundi chenye taya, ya marehemu baba, aliyekuwa ajusteri, fundi wa vyuma, katika kampuni ya migodi ya Gécamines, lakini rula nzuri inatosha kukuonyesha kosa kubwa. Itie alama ya kalamu kwenye kitako. Ijaze pamoja na nyingine nne, piga hizo nne, toa ile yenye alama, ipime tena. Ikiwa imerefuka, hata kwa nusu milimita, boksi lote hilo halifai kwa rivolva yako. Rudia na boksi jingine. Na risasi iliyobaki ndani baada ya mazoezi usiiache humo kama nilivyofanya mimi. Itoe, ipige mwanzo wa zamu inayofuata, weka mpya. Ukimaliza, sugua matundu ya silinda kwa brashi, maana ganda fupi la 38 linaacha pete ya masizi mbele yake, na ukija kuingiza kitu kirefu kitakataa.

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na kwenye kitako cha hizo risasi alizokuuzia, uyaandike hapa herufi kwa herufi. Jumamosi niko kiwanjani na yule mwalimu, nitamwonyesha.