Usianze na tarehe, anza na sentensi

Muhula wa kwanza nilipofundisha historia ya Marekani niliingia darasani na slaidi zaidi ya mia, nikatoka nimechoka kuliko wanafunzi, ambao wengi wao walikuwa wamesinzia. Hawa ni wanachuo wanaosomea lugha ya Kiingereza. Mimi mwenyewe ni mtu wa isimu. Kozi hii iliniangukia baada ya aliyekuwa akiifundisha kuondoka. Nikafanya afanyacho mtu asiyejiamini: nikaanza na Columbus mwaka 1492, nikakimbia mpaka Vita Baridi bila kupumua. Kwenye mtihani, mwanafunzi mmoja akaandika kwamba Abraham Lincoln aliwaacha huru watumwa mwaka 1776. Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama. Kijana yule alikuwa amepewa mayai mengi bila kikapu, na aliyempa ni mimi.

Kilichonigeuza ni hotuba ya Gettysburg. Lincoln, rais wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, aliitoa tarehe 19 Novemba 1863, penye makaburi ya askari waliokufa katika mapigano ya Julai mwaka huohuo. Ina maneno kama 270 tu, nami nilikuwa nimeitengea dakika kumi. Nikasoma mwanzo wake, "Four score and seven years ago", mkono ukainuka: "Mwalimu, score si magoli?" Darasa likaangua kicheko. Nikawaambia hapa score ni korija, yaani ishirini. Korija nne na saba juu yake ni 87. Wakatoa 87 kutoka 1863, wakapata 1776, mwaka wa Azimio la Uhuru.

Ndipo binti mmoja aliyezoea kukaa nyuma akauliza kwa nini Lincoln hakuhesabu kuanzia 1787, mwaka ilipoandikwa Katiba. Nilikaa. Swali hilo lina karne nzima ndani yake. Azimio linasema watu wote wameumbwa sawa. Katiba iliupa utumwa nafasi ya kuishi. Rais aliyekuwa katikati ya vita alikuwa anachagua siku ya kuzaliwa ya taifa lake, na alichagua ile iliyomfaa. Saa mbili ziliisha tukiwa bado kwenye mstari wa kwanza. Wiki iliyofuata niliwapa mwanzo wa hotuba ya Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani Weusi, ya tarehe 28 Agosti 1963, aliyoitoa mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln pale Washington: "Five score years ago". Sikueleza chochote. Walipiga hesabu wenyewe, wakafika 1863, mwaka wa tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Tangu siku hiyo sijaona tena mtu akichanganya 1776 na 1863.

Mwalimu mwenzangu, kama nawe umekabidhiwa kozi kama hii, kumbuka kwamba wanafunzi wako tayari wana chombo mkononi. Wanajua viwakilishi, wanajua kauli ya kutendwa, wanajua kutafsiri. Tumia hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni neno lisiloonekana. Ninawapa Katiba ya 1787 na kuwaambia watafute maneno slave na slavery. Wanatafuta, hawayapati. Nawaambia rudini, utumwa umo. Baada ya muda wanaanza kuuokota: katika kuhesabu idadi ya wawakilishi wa kila jimbo wanatajwa watu huru, kisha "three fifths of all other Persons". Watu wengine wote ni akina nani? Mahali pengine anatajwa mtu "held to Service or Labour" anayetorokea jimbo jingine na lazima arudishwe. Mahali pengine Bunge linakatazwa kuzuia hadi 1808 uingizaji wa "such Persons" kama majimbo yatakavyoona inafaa. Mara tatu utumwa unapita mbele ya macho yako ukiwa umejifunika shuka. Neno lenyewe linaingia katika Katiba kwa mara ya kwanza mwaka 1865, katika marekebisho ya 13, yaani siku ya kuukomesha. Hakuna slaidi yangu iliyowahi kufundisha aibu ya watunga katiba wale kama zoezi hili linavyofundisha.

Zoezi la tafsiri nalo usiliache. Waambie waandike kwa Kiswahili "all men are created equal". Wengi wataandika "watu wote" bila kufikiri. Waulize kwa nini hawakuandika "wanaume wote". Ubishi ukianza, wape tamko la mkutano wa Seneca Falls, New York, wa Julai 1848, ambako wanawake waliichukua sentensi ileile wakachomeka maneno mawili tu: "all men and women". Haki ya wanawake kupiga kura iliingia katika Katiba mwaka 1920. Wacha wahesabu wenyewe miaka hiyo, tangu 1776 na tangu 1848. Mimi huwa nanyamaza wanapohesabu.

Viwakilishi ni somo la Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa, akatoroka, akawa msemaji mkubwa. Tarehe 5 Julai 1852, pale Rochester, New York, aliombwa azungumze kuhusu sikukuu ya uhuru. Wanafunzi wangu huchukua kalamu mbili za rangi: moja kwa nafsi ya kwanza, nyingine kwa nafsi ya pili. Baada ya kurasa chache ukurasa umejaa rangi ya nafsi ya pili. Baba zenu. Uhuru wenu. Halafu inakuja "This Fourth July is yours, not mine", na darasa linaona kwamba mtu anaweza kulishtaki taifa zima kwa kiwakilishi cha kumiliki. Usiishie hapo, maana hilo ndilo kosa la wengi: soma nao mpaka karibu na mwisho, ambako Douglass huyohuyo anaiita Katiba hati tukufu ya uhuru. Wakikuuliza inawezekanaje, umeshinda.

Sojourner Truth, mwanamke Mweusi aliyezaliwa mtumwa, ninamweka baada ya katikati ya muhula, wanapokuwa wamezoea kutilia shaka maandishi. Alihutubia mkutano wa haki za wanawake huko Akron, Ohio, mwaka 1851, na hotuba yake imetufikia kwa njia mbili. Moja ilichapishwa gazetini mwaka huohuo, kwa Kiingereza cha kawaida. Nyingine ilichapishwa 1863 na Frances Gage, aliyeongoza mkutano ule, miaka kumi na miwili baada ya tukio, ikiwa na lahaja ya watumwa wa Kusini na kile kibwagizo maarufu kinachouliza kama yeye si mwanamke. Kibwagizo hicho hakimo katika toleo la 1851. Ninawapa matoleo yote mawili bila tarehe na kuwauliza lipi ni la kuaminika. Karibu wote huchagua lile la lahaja. Linasikika "la kweli". Ndipo ninawaambia kwamba mama huyu alizaliwa jimbo la New York, kwamba lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, na Kiingereza alijifunza baadaye, kama wao. Hapo kuna wanaokasirika. Waache wakasirike kidogo, ni afya.

Mengine yanapita haraka. Msemo "grandfather clause", yaani kifungu cha babu, ambao leo hutumika hata katika mikataba ya kawaida, ulitokana na sheria za majimbo ya Kusini zilizowaondolea masharti ya kupiga kura wale ambao wao au mababu zao walikuwa wapiga kura kabla ya 1867. Babu wa nani alikuwa na kura wakati huo? Si babu wa mtu Mweusi wa Kusini. Mahakama Kuu ilizitengua mwaka 1915. Dakika kumi na tano zinatosha. Vivyo hivyo neno "removal" katika sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji asilia: waulize nani anamwondoa nani, na mbona mtendwa amezama ndani ya nomino. Kisha waeleze kwamba Wacherokee, mojawapo ya makabila ya wenyeji hao, walioswagwa magharibi mwaka 1838 na 1839 na maelfu wakafa, tayari walikuwa na maandishi yao yaliyobuniwa na Sequoyah, na gazeti la lugha mbili tangu 1828.

Sasa onyo, kwa sababu mimi nilipitiliza. Kuna mwaka nilinogewa na sarufi hata nikasahau historia. Wanafunzi waliweza kukuonyesha kila kauli ya kutendwa katika Azimio la Uhuru, lakini hawakujua nani alishinda Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Tangu hapo ninawapa tarehe kumi na mbili, si zaidi, na wanazikariri kwa moyo. Ndiyo, kukariri. Kila hati tunayoisoma lazima itundikwe kwenye mojawapo ya tarehe hizo, kabla au baada yake.

Mtihani wa mwisho ni aya moja wasiyowahi kuiona. Mwaka jana niliwapa kipande cha amri nambari 9066 aliyoitia saini Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 19 Februari 1942. Inaruhusu jeshi kutenga maeneo ambamo "any or all persons" wanaweza kuondolewa, na haiwataji Wajapani hata mara moja, ingawa ndiyo iliyofungua njia ya kuwaweka kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia. Niliwapa mwaka na jina la aliyesaini, basi, kisha nikauliza: hawa "persons" ni akina nani, na umejuaje? Robo ya kwanza ya saa hakuna kalamu iliyosogea. Baadaye wakaanza kuomba karatasi za ziada. Kusahihisha kulinichukua siku nne badala ya moja, kwa hiyo jipange mapema.