Mafuta ya tumboni, nywele za utosini

Nikisema nilitibiwa upara kwa mafuta, watu hudhani nilijipaka. Sikupaka. Yalinyonywa tumboni kwangu, chini ya kitovu, kwa mrija mwembamba, kisha yakadungwa chini ya ngozi ya utosi.

Kabla ya kudungwa, daktari alisimamisha bomba la sindano nikaliona. Juu palielea mafuta yaliyopasuka, yanang'aa. Katikati ute mzito wa manjano. Chini maji yenye damu. Ya juu na ya chini yakamwagwa. Huo wa katikati ndio wenye chembe hai, zinazotarajiwa kuyaamsha mashina ya nywele yaliyosinzia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba chembe changa za mafuta ngozini huamsha ukuaji wa nywele. Kwa panya, lakini! Nilipokuwa nabembelezwa nilipe, panya hawakutajwa.

Kichwa kiliniuma siku mbili tu. Tumbo ndilo lililonitesa: michubuko ya zambarau hadi kiunoni, mkanda haufungiki wiki mbili. Hilo uliza mapema.

Miezi sita baadaye vinywele vya utosini, vile laini kama vya mtoto, vilikuwa vimenenepa kidogo. Pembe za paji, zilizokuwa zimeshakuwa upara mtupu kwa miaka, hazikuota hata unywele mmoja. Na ndivyo ilivyo: mafuta hayapandi nywele, yanalisha shina ambalo bado lipo. Shina likishakufa, labda upandikizwe nywele zenyewe, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Tena sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili, usishangae ukiambiwa urudi.

Kwa hiyo kabla ya yote, mwombe daktari wa ngozi akukague kichwa kwa lenzi, akuambie mashina yapo au hayapo, na nywele zinakatika kwa nini. Kama ni ugonjwa wa tezi ya shingoni au upungufu wa madini ya chuma, tumbo lako liache lilivyo. Uliza pia nani anashika sindano, maana mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu yanaweza kuuziba. Na jipige picha mahali pamoja, mwanga uleule, kila mwezi, kioo kinadanganya.

Kosa langu kubwa? Muda wote ule nilikuwa napaka minoksidili, dawa iliyoidhinishwa Marekani tangu 1988, wakati tiba hii ya mafuta haijaidhinishwa huko kwa ajili ya nywele. Nilianza vyote viwili mwezi uleule. Sasa mtu akiniuliza ni kipi kilichozinenepesha, sina jibu.