Jua la mchana kwenye roshani: nipande nini?

SWALI: Nakaa ghorofa ya tatu, Sinza, Dar es Salaam. Roshani yangu inatazama magharibi, jua linaingia tangu saa saba mchana mpaka linazama. Fundi amenitengenezea sanduku la mbao: urefu mita 1, upana na kina sentimita 30. Nilipanda mchicha na maua ya portulaka pamoja. Mchicha ukastawi, portulaka zikaoza mashina. Nichanganye nini, na udongo wake uweje?
Mama Pacha

JIBU: Dada, portulaka huweka akiba ya maji kwenye majani yake manene, hivyo hutaka udongo ukauke kabla ya kumwagiliwa tena. Mchicha ni kinyume chake: ukikosa maji unadumaa na kukimbilia kutoa mbegu. Ukimtunza mmoja, unamuumiza mwenzake. Mimea ya sanduku moja ichague kwa kiu yake kwanza, rangi baadaye.

Kwa sanduku hilo tungepanda pilipili mbuzi miche 2, mmoja kila upande, mrehani mmoja katikati, na maua ya meregoldi fupi 3 ukingoni mbele. Wote hustahimili jua hilo na kiu yao inakaribiana. Mrehani ukate vikonyo vya maua kila vinapotokeza, la sivyo majani yanakuwa madogo na machache. Ukipenda mboga ya majani, weka matembele peke yake: kata marando ya sentimita 25, fukia vifundo 2 au 3, na baada ya wiki 5 hivi unaanza kuchuma.

Portulaka ipe beseni pana lenye matundu, kina sentimita 15, theluthi ya udongo iwe mchanga. Vinka nayo itachanua kwenye jua hilo bila kukusumbua, lakini ina sumu. Ipe chungu chake, mbali na majani ambayo watoto wanatumwa kuchuma.

Udongo: ndoo za lita 10, udongo tifutifu 4, samadi ya ng’ombe iliyooza 2, pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi 2. Pumba mbichi zinapooza hula naitrojeni, majani yakageuka njano. Samadi itie mkono katikati ya lundo: ikiwa bado ina joto au inanuka vikali, iache, itaunguza mizizi. Toboa matundu 8 chini ya sanduku, yazibe kwa wavu wa dirisha, uliinue juu ya matofali. Kokoto chini hazisaidii. Maji hunasa kwenye udongo ulio juu yake. Na tafadhali sana, usilining’inize kwenye reli. Likilowa linaweza kukaribia kilo 100. Likae sakafuni, ukutani kabisa.

Mwagilia asubuhi mpaka maji yachuruzike chini. Siku inayofuata chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, subiri. Geuza pia majani ya pilipili kila wiki. Ukiona vidoa vyeupe kama vya ncha ya sindano, na utando mwembamba upande wa chini, huo ni utitiri, mdudu anayependa kuta zenye joto kama zako. Nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani, siku 3 mfululizo, kisha kagua tena.

SWALI: Nyanya zangu kwenye ndoo zinachanua vizuri Januari, kisha maua yote yanadondoka. Nimeongeza mbolea, hakuna mabadiliko.
Msomaji, Tanga

JIBU: Acha mbolea; naitrojeni nyingi huzidisha majani tu. Tatizo ni joto. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usipopoa, chavua inakufa na ua linaanguka. Panda mwishoni mwa masika, Mei au Juni, uchague nyanya ndogo za vishada, mche mmoja kwa ndoo ya lita 20. Asubuhi utikise mche taratibu ili chavua ianguke. Zikishika, maji yasiwe ya leo mengi kesho hakuna: hapo ndipo kitako cha nyanya kinapokuwa cheusi, kwa sababu kalsiamu, madini yanayoimarisha tunda, husafiri na maji.

SWALI: Juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Ni ukungu?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Kama ni mgumu na unavunjika kama chumvi, ndivyo ulivyo: chumvi, mara nyingi ya maji ya kisima. Ukwangue, kisha mimina maji ya mvua mara 2 ya ujazo wa chungu, yote yapite chini.