Mkuu wa kituo cha watoto naye ni mwathirika

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaongoza kituo cha kulelea watoto wadogo mchana huku Katesh, wilayani Hanang. Tangu tope na mawe viliposhuka kutoka mlimani Desemba 3, 2023, mimi ndiye niliyewapokea wazazi, nikawatuliza walezi wenzangu na kukifungua kituo upya, ilhali nyumba yangu nayo ilisombwa. Hadi leo mvua ikipiga bati moyo hunienda mbio, usingizi hunipotea, na kituoni huhesabu watoto mara tatu mfululizo. Naona haya kulalamika, kwa kuwa majirani walizika watu. Je, ni halali mkuu wa kituo kuomba apumzike?
Mlezi Mkuu, Katesh

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Ni halali kabisa. Maporomoko yale yaliua watu zaidi ya 80, na ninaelewa kwa nini unaona haya. Hata hivyo, ukubwa wa msiba wa jirani haukurudishii nyumba yako wala usingizi wako. Tope lilishuka asubuhi ya Jumapili, na nadhani ndiyo sababu unahesabu hivyo: moyo wako bado unajiuliza ingekuwaje kama ingekuwa Jumatatu, watoto wote wakiwa mikononi mwako.

Lawama yangu naielekeza kwenye desturi yetu ya kumwachia mtu mmoja funguo, daftari la mahudhurio, simu za wazazi, madeni ya ada na machozi ya walezi vijana, kisha maafa yanapotokea tunamtazama yeye huyo huyo awe nguzo ya kila mtu. Mwombe mwenye kituo, pamoja na kamati ya wazazi, amteue kwa maandishi mlezi wa pili ambaye katika msimu wa mvua atashika madaraka yako angalau siku moja kila wiki, na siku hiyo simu ya kituo ilale kwake, kwa maana ukiondoka nayo utakuwa umehamishia ofisi nyumbani. Hesabu ya watoto nayo ifanywe na watu wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, ili uweze kuiamini hesabu ya kwanza.

Usikubali kulazimishwa kusimulia yaliyotokea mbele ya kikao, hata kwa nia njema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua tatu, yaani kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada anaouhitaji, na unasisitiza kwamba mtu asishurutishwe kuzungumza. Ukitaka kuzungumza, mtafute mkuu wa kituo kingine aliyepitia siku zile. Mbele yake hutahitaji kueleza mengi.

Lakini dalili ulizozitaja zimedumu muda mrefu mno kusubiri zipite zenyewe. Nenda hospitali ya wilaya ukaeleze habari ya usingizi na moyo kwenda mbio, wala usinunue vidonge vya usingizi kwa ushauri wa dukani. Afisa ustawi wa jamii pia yumo katika jambo hili. Yeye huja kwenye vituo kukagua usajili na hali ya watoto. Akija kwako safari ijayo, mkishamaliza habari za watoto, mwombe akae kidogo mzungumze habari zako.