Jibu: Diploma ya umeme, digrii, au Ujerumani kwanza?

Kaka, umeuliza kama uache kazi yako ya umeme Industrial Area, Nairobi, ukasome digrii, au uwahi Ujerumani na diploma uliyo nayo. Kazi usiache. Mimi nilifunga upya nyaya za mota za viwandani miaka minne, karakana karibu na Barabara ya Lunga Lunga, kisha nikasoma digrii jioni. Mwajiri mmoja alinikatalia mshahara wa miezi miwili, karo ikakosekana, nikapoteza mwaka mzima. Iliniuma sana. Lakini waliponihoji Wajerumani, waliuliza kuhusu zile mota kuliko alama zangu: zilikuwa zinaungua kwa nini, na nilijuaje.

Kabla hujalipa karo, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya (EBK). Chuo kuwa na jina hakutoshi. Nawajua waliomaliza miaka mitano wakakataliwa usajili, na hilo hunisikitisha hadi leo. Halafu kitafute chuo kwenye anabin, hifadhidata ya Wajerumani. Kikiwa na alama ya H+, wanakitambua.

Kijerumani anza sasa hivi, tafadhali. Goethe-Institut iko Maendeleo House, Monrovia Street, unafika kwa miguu ukitoka stejini. Mimi nilingoja nipate digrii kwanza, nikajikuta nina vyeti vyote na siwezi kueleza saketi moja kwa lugha yao.

Diploma yako ni ya mwaka gani, na ya chuo gani? Niandikie nikuangalizie.